Mtoto wa mbwa si wa kufungiwa posti nzima

Basi la wafanyakazi linapita saa 11 alfajiri. Mtu wa Kanina au wa Mutoshi anasimama kando ya barabara na begi lake na kofia ya usalama, anakwenda upande wa Kingamyambo, Kamoto au Kamoa, anafanya posti ya masaa 12, na malori yakiziba barabara anarudi nyumbani saa 2 usiku. Hayo ni masaa 15. Nyuma ya nyumba yake, ndani ya lupango, kuna kizimba cha vyuma alichotengenezewa na fundi wa kuchomelea wa mtaani. Humo ndani kuna mtoto wa mbwa wa miezi 3. Amefungiwa tangu alfajiri, na kopo la maji aliloachiwa alilipindua mapema sana.

Watu wananiuliza, kwa kuwa wanajua ninaandika: je, kuna ubaya? Masaa mangapi ni sawa?

Nitajibu moja kwa moja. Mtoto wa mbwa wa miezi 3 anaweza kufungiwa masaa 3, au 4 kwa shida. Hesabu inayotumiwa na watu wengi wanaofundisha mbwa ni rahisi: chukua umri wake kwa miezi, ongeza moja, hapo utapata masaa anayoweza kuvumilia bila kukojoa. Wa miezi 2, masaa 3. Wa miezi 4, masaa 5. Lakini hicho ni kikomo cha kibofu chake. Si kipimo cha kumfungia kila siku ya kazi, na mimi kabla hajafika miezi 6 nisingevuka masaa 4 mchana. Hata mbwa mzima, aliyezoea, masaa 6 ndani ya kizimba yanatosha kabisa. Masaa 15 hayamo katika hesabu yoyote.

Tuseme kampuni yako inafuata sheria barabara. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inataja masaa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Weka safari ya kwenda na kurudi, unapata masaa 11. Bado ni zaidi ya mara mbili ya yale ambayo mtoto wa mbwa anaweza kubeba. Kwa hiyo tatizo haliko kwa mwenye posti ndefu peke yake. Mwalimu, karani wa benki, mtu wa ofisi ya mkoa, wote wako ndani ya hesabu hii.

Kuna jambo moja ambalo linaeleza kwa nini kizimba kinafaa kwanza na kwa nini baadaye kinaharibu. Mbwa kwa asili hachafui mahali anapolala. Tangu wiki zake za kwanza anajikokota kutoka penye ndugu zake ili akojoe pembeni. Ndiyo maana kizimba kidogo, kwa muda mfupi, kinamfundisha usafi: anajizuia, unamfungua, unampeleka kwenye majani, anakojoa, unamsifu. Lakini ukimwacha mpaka ashindwe, atakojoa pale pale na kulala juu yake. Siku ya kwanza atalia. Wiki ya pili hatalia tena, na wewe utafikiri amezoea. Kilichotokea ni kwamba ile asili ya usafi imekufa, na kuirudisha ni kazi ya miezi. Jirani yangu mmoja alipitia hayo na mbwa wake wa aina ya berger: mnyama mkubwa, mzuri wa kutazama, lakini hata leo anachafua sementi anayoilalia, na kila asubuhi mama wa nyumba anamwaga ndoo mbili za maji akinung'unika. Na maji ya Kolwezi tunajua yanavyopatikana.

Watu wananijibu kwamba mtoto wa mbwa analala tu mchana kutwa. Ni kweli analala sana, masaa 18 hata zaidi kwa siku. Lakini halali mfululizo kama mtu aliyetoka posti ya usiku. Analala kidogo, anaamka, anakojoa, anakunywa, anatafuna kitu, anacheza, analala tena. Na tumbo lake ni dogo: katika miezi hiyo anatakiwa kula mara 3 au 4 kwa siku. Ukimpa bukari na vichwa vya ndakala saa 11 alfajiri kisha ukamrudia saa 2 usiku, umemnyima milo miwili. Jioni atameza sahani nzima kwa pupa, usiku tumbo litamsumbua, na wewe utalalamika kwamba analia wakati unataka kulala.

Sasa niende kwenye sababu kubwa, ile ambayo wengi hawaisemi mbele ya mwandishi wa habari lakini wanaiamini. Wanaamini kwamba mbwa aliyefungiwa mchana anakuwa mkali usiku. Afungwe gizani, asione watu, asichezewe na watoto, ndipo atakuwa mlinzi wa kweli. Nimelisikia hilo Manika, nimelisikia Dilala, nimelisikia kwa watu wenye shahada tatu ukutani.

Wanachokiona ni kweli kwa nusu. Mbwa huyo atakuwa mkali. Lakini ukali wake unatoka kwenye woga, na mbwa mwoga hachagui. Mwaka 1961 watafiti watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walichapisha matokeo ya jaribio lililo karibu sana na kizimba chetu. Walilea watoto wa mbwa ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakilishwa bila kuguswa wala kuzoeshwa kwa mtu. Baadhi yao walitolewa kwa wiki moja moja, katika umri tofauti, wakae na watu. Waliotolewa katika wiki za mwanzo, hasa kati ya ya 5 na ya 9, waliweza kuishi na binadamu. Wale ambao hawakuzoeshwa kabisa mpaka wiki ya 14 walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwafundisha baadaye ilikuwa kazi ngumu mno. Kwa lugha ya lupango: dirisha la mbwa la kujifunza nani ni mtu na nani ni hatari linafunguka karibu wiki ya 3 na linaanza kufunga wiki ya 12 mpaka 14. Na wewe ulimnunua akiwa na wiki 8. Una wiki chache tu, na ndizo unazompitisha ndani ya vyuma akitazama ukuta wa matofali.

Mbwa aliyekosa dirisha hilo hajui tofauti kati ya mwizi anayeruka ukuta na mtoto wa dada yako aliyekuja kuomba chumvi. Wote wawili ni viumbe wageni wanaotembea haraka. Mlinzi mzuri anafanya kinyume chake: anajua kila mtu wa nyumbani, anajua hatua za miguu yao, na ndiyo sababu anashtuka akisikia hatua asiyoijua. Anabweka. Kubweka huko ndiko kunakoamsha nyumba na majirani. Tena tusijidanganye kuhusu umri: mbwa wa miezi 3 au 5 halindi kitu. Atakuwa mlinzi wa maana akifika mwaka mmoja na zaidi. Mwizi akiingia leo, yule mdogo aliyeko kizimbani atatikisa mkia.

Hofu ya wezi siidharau. Mtu anayefanya posti ya usiku na kuacha mke na watoto peke yao ana haki ya kutaka mbwa. Nasema tu kwamba njia tuliyoichagua inatuletea kitu kingine tofauti na tulichokitaka.

Wanaolipa gharama ya mbwa mwenye woga ni watoto. Shirika la Afya Duniani linasema watu 4 kati ya 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa cha mbwa ni watoto wa chini ya miaka 15. Ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kwa mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na karibu kila mara uliingia kwa meno ya mbwa. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa inayomrudisha. Sasa mwangalie yule mbwa wa kizimbani usiku anapofunguliwa: amejaa nguvu za siku nzima, amejaa woga, na lango la lupango likibaki wazi dakika moja tu yuko mtaani na mbwa wengine. Mara nyingi hajachanjwa, kwa sababu hata kumshika ili daktari wa mifugo amdunge sindano kumekuwa vita. Chanjo ya kichaa hupewa mbwa akifika miezi 3 na kurudiwa baada ya mwaka. Mtoto wa mbwa anayeshikwa kila siku na watu hukaa kimya apigwe sindano na mambo yameisha. Na mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mbwa ni wa jirani na anaonekana mzima.

Kuna watakaosema: watu wanateseka migodini, krezeri wanafukiwa na udongo, na wewe unaandika habari za mbwa? Ninaandika habari za krezeri pia, na nitaendelea. Lakini mtoto aliyeng'atwa usoni katika lupango la watu wanne wanaopanga pamoja ni habari ya mji huu kama nyingine.

Wazee wetu hawakuwa na swali hili, na si kwa kuwa walipenda mbwa kuliko sisi. Mbwa wa kijijini alikulia jikoni, kati ya miguu ya watu, akafuata wawindaji akiwa na kengele ya mti shingoni. Wazungu walimpenda mbwa huyo wa Kongo mpaka wakampeleka Uingereza na kumwonyesha katika maonyesho ya Crufts mwaka 1937. Wanamwita basenji, jina linalotokana na neno ambalo kila anayesema Kiswahili analitambua: washenzi. Leo watu wa Ulaya na Marekani wanalipa pesa nyingi kwa huyo mshenzi wetu, na sisi tunatafuta Rottweiler. Mwaka huo huo wa 1937 Union Minière ilikuwa inaanzisha mji wa Kolwezi kuwa makao ya migodi yake ya magharibi. Pamoja na mji zilikuja king'ora, posti, saa ya kuingia na saa ya kutoka, na baadaye kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu. Kizimba cha mbwa kimezaliwa na mambo hayo. Ni kitu cha saa za kazi, wala si mila ya mtu yeyote.

Hata huko kwenye nchi ambazo vizimba vya mbwa vinauzwa madukani kama viti, watu wanabishana. Marekani kumfungia mbwa ndani ya kizimba nyumbani ni jambo la kawaida. Uswidi sheria inaona vingine: mbwa atolewe nje angalau kila baada ya masaa 6 wakati wa mchana, na aliye mchanga mara nyingi zaidi. Serikali yetu ina mambo mengi kabla ya kufika kwenye sheria kama hiyo, na sisubiri ifike. Namba yenyewe ndiyo nataka msomaji aikumbuke: masaa 6, kwa mbwa mzima, katika nchi yenye baridi.

Hapa kwetu kuna jua. Kolwezi iko juu, karibu mita 1,400, na usiku wa Juni na Julai baridi inauma; lakini Septemba na Oktoba, kabla ya mvua, bati linaunguza mkono. Nimeona vizimba vilivyofunikwa bati moja tu juu, vimewekwa upande wa ukuta unaopigwa na jua kuanzia saa 6 mchana. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi. Anajipoza kwa kuhema, na ili aheme anahitaji maji na hewa inayopita. Kikiwa na kuta za bati pande tatu, kizimba hicho ni jiko. Mvua ikianza shida inageuka: maji yanapita chini, na mtoto wa mbwa analala kwenye tope. Weka mbao chini, inyanyuke kidogo kutoka ardhini, utandike gunia kavu, na umpeleke chini ya mwembe au mparachichi.

Mnyororo, kwa wale wanaofikiri ni afadhali, si dawa. Mtoto wa mbwa anajizungushia shingoni, anakaukiwa na maji yaliyo hatua moja mbele yake, na anajifunza kumrukia kila anayepita kwa sababu hawezi kukimbia.

Kinachofaa kwa mtu wa posti ni kitu ambacho mji wa migodi haukikosi: palette za mbao. Sita au saba zinatosha kuzungushia pembe ya lupango, mita 2 kwa 3, penye kivuli. Ndani yake unaweka kizimba kikiwa na mlango wazi, maji katika chombo kizito kisichopinduka, na kitu cha kutafuna. Hapo mtoto wa mbwa anatoka kukojoa upande mmoja na kurudi kulala upande mwingine, na anaona watu wa lupango wakipita. Watoto wanamwita kwa jina. Anasikia pikipiki, kinu, redio, ugomvi wa jirani. Hiyo ndiyo shule yake, na inafanyika bila wewe kuwepo. Atazoea pia kukaa peke yake dakika chache, kisha saa nzima, bila kulia. Anayeogopa parvo, ule ugonjwa wa kuhara damu, anafanya vizuri kuogopa. Uzio wa palette unamtenga na mbwa wa mtaani mpaka amalize chanjo zake, bila kumtenga na watu.

Lakini palette hazimlishi. Lazima kuwe na mtu. Nasema hivi nikijua itawakera wengine: kama katika lupango lako hakuna hata mmoja anayeweza kumfungua mtoto wa mbwa, kumlisha na kukaa naye robo saa, mara 3 kati ya alfajiri na jioni, usimchukue. Chukua mbwa mzima aliyekwisha kulelewa vizuri, au subiri. Mfanyakazi anayelala kambini wiki mbili na kurudi nyumbani wiki moja asiseme "mbwa wangu". Mbwa ni wa yule anayebaki nyumbani, na huyo ndiye wa kuulizwa kwanza kama anamtaka.

Kwa wengi wetu mtu huyo yupo, hajaombwa tu. Mtoto anayesoma asubuhi anarudi mchana. Mlinzi, zamu kama tunavyomwita, yupo langoni kutwa nzima na mara nyingi ameambiwa asimguse mbwa ili "asimzoee". Huo ni ushauri mbaya: zamu ndiye mtu wa kwanza ambaye mbwa wa ulinzi anatakiwa kumzoea, kwa sababu ndiye atakayefanya naye kazi usiku.

Aliye na mtoto wa mbwa kizimbani leo, na posti kesho, aanze hivi. Aamke nusu saa mapema, amtoe, amlishe, acheze naye mpaka achoke. Amwambie zamu amfungue saa 3, saa 6 na saa 9, ampe maji na chakula kilichopimwa, na ampe zamu kitu juu ya mshahara wake, kwa kuwa ni kazi. Akirudi jioni asimrudishe kizimbani mara moja kwa sababu ameruka na kumchafua suruali. Mbwa amemngoja siku nzima. Usiku kizimba kisogezwe karibu na dirisha la chumba, asikie watu wakipumua. Zamu akikataa kazi hiyo, kuna yule mama anayeuza makala nje ya lango, ambaye anakaa hapo kutwa nzima na mwenye watoto wanaomchungulia mbwa huyo kila siku kupitia tundu la geti.